Mwongozo kamili: kuchagua kebo za runinga na spika kwa nyumba zinazopulizwa na bahari

Shangazi yangu wa Sahare, hapa Tanga, aliniita siku moja akilalamika kuwa spika ya kushoto imekufa. Nilikwenda na spika nyingine mkononi, kumbe ile yake ilikuwa nzima. Nilipochuna ganda la waya nyuma ya kabati, ncha ilikuwa nyeusi, na pembeni yake pamejaa unga wa kijani. Nikakata sentimita kumi, bado nyeusi. Nikakata kumi nyingine, vilevile. Nilipokuna unyuzi mmoja kwa wembe, ndani ulikuwa mweupe. Tuliuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba, ikakaa sebuleni mwenye madirisha yanayotazama bahari, na haikumaliza miaka miwili.

Tanga hii upepo haupumziki, kaskazi ikiondoka inaingia kusi, na zote zinaleta chumvi mpaka ndani ya kabati la runinga. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayejenga sinema ya nyumbani hapa ni huu: pesa ya kebo inunue kwanza urefu unaotosha, shaba ya kweli, na vichwa vinavyobana vizuri visivyoliwa haraka na chumvi. Hayo yakitimia ndipo usome maneno mengine ya kwenye boksi.

Hatua ya 1: Pima kwa kamba

Chora chumba kwenye karatasi. Weka runinga au projekta, king'amuzi, risiva au amplifaya, sabufa, na kila spika mahali itakapokaa. Kisha geuza kila kifaa, upige picha matundu ya nyuma kwa simu. Picha hizo zitakusaidia sana dukani, maana muuzaji atakuuliza swali ambalo jibu lake liko nyuma ya kabati nyumbani.

Urefu usiukadirie kwa macho. Chukua kamba, ipitishe pale pale waya utakapopita: ishuke kutoka kwenye kifaa, ifuate chini ya ukuta, izunguke fremu ya mlango, ipande kwenye spika. Halafu ipime kwa futi. Katika sebule ya mita 4 kwa 5, spika ya nyuma inayoonekana iko mita 5 tu inaweza kudai waya wa mita 9. Ongeza nusu mita kwa ajili ya kuvuta kabati siku ya usafi. Kwa kebo ya HDMI usizidishe zaidi ya hapo, kwa sababu kila mita inapunguza nguvu ya mawimbi.

Hatua ya 2: Kebo ya HDMI

HDMI ilitoka mwaka 2002, na leo karibu kila king'amuzi, runinga na risiva inayo. Inapitisha picha na sauti kwa tarakimu. Tarakimu zikifika salama, picha ni ile ile iwe kebo ni ya bei ya chini au ya bei ya kutisha. Haiongezi rangi wala haiongezi weusi. Zisipofika salama utaona wazi: vidoadoa vyeupe vinavyometameta, skrini kuzima sekunde mbili tatu na kurudi, au sauti kukatika. Muuzaji akikuambia kebo fulani inatoa rangi zilizoiva zaidi, mshukuru na uendelee kusoma lebo.

Lebo ndiyo ya kuangalia. Kebo hupangwa kwa madaraja, na namba za matoleo kama 2.0 au 2.1 ni za vifaa. Daraja la High Speed linatosha kwa picha ya kawaida ya HD na hata 4K, picha yenye nukta nyingi kuliko HD, ya fremu 30 kwa sekunde. Premium High Speed hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, yaani 4K ya fremu 60 pamoja na HDR, picha yenye mwanga na kivuli vilivyo bayana zaidi. Ultra High Speed hupitisha gigabiti 48, na inawafaa wenye mashine mpya za michezo au runinga za 8K. Madaraja haya mawili ya juu hubandikwa lebo yenye msimbo wa kuskani kwa programu rasmi ya simu. Skani ukiwa bado dukani, kabla hujatoa pesa. Boksi lililoandikwa "4K" kwa herufi kubwa bila lebo hiyo halijathibitisha chochote.

Anayetazama king'amuzi na filamu za HD tu asijibebeshe Ultra. Kebo ya mita moja na nusu ya High Speed, yenye kichwa kinachobana vizuri, itamfanyia kazi miaka mingi.

Urefu ndio unaowatesa watu. Mpaka mita 3, kebo nyingi za shaba zinapitisha 4K bila shida. Kufika mita 5 nataka Premium yenye lebo. Ukizidi mita 7 kwa picha ya 4K ya fremu 60, achana na kebo ya kawaida, nunua ile yenye nyuzi za kioo ndani inayobadili umeme kuwa mwanga. Hiyo ina upande: kichwa kimoja kimeandikwa "Source", nacho huingia kwenye king'amuzi au risiva, kingine "Display", huingia kwenye runinga au projekta. Ukigeuza, hupati kitu.

Hili nimelilipia. Niliwahi kuzika kebo ya shaba ya mita 12 ukutani, nyumba moja ya Raskazone, kwa ajili ya projekta. Niliijaribu kwa king'amuzi, picha ikatoka safi, fundi wa plasta akaziba. Miezi michache baadaye mwenye nyumba akaleta kifaa cha 4K, skrini ikawa inazima kila baada ya dakika chache. Tulivunja ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Tangu siku hiyo kila kebo ndefu naitandaza sakafuni kwanza, naicheza kwa picha kubwa kuliko zote ambazo nyumba itaonyesha, filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo inaingia ukutani.

Kuhusu dhahabu kwenye vichwa: haiboreshi picha hata chembe. Ila dhahabu haishiki kutu, na kwa hewa yetu hiyo ni sababu ya kutosha kuichagua pale tofauti ya bei ni ndogo. Kilicho muhimu zaidi ni kichwa kukaza. Chomeka, kisha kitikise kwa kidole kimoja. Kikicheza, rudisha.

Hatua ya 3: Njia ya sauti kutoka runinga hadi amplifaya

Angalia kama tundu moja la HDMI la runinga limeandikwa ARC au eARC, na kama saundiba au risiva yako nayo inalo. Likiwepo pande zote mbili, umemaliza: kebo moja inarudisha sauti ya runinga kwenye spika, na rimoti ya runinga inaongeza na kupunguza sauti. eARC inapitisha hata sauti nzito zisizobanwa za mifumo ya sinema ya Dolby na DTS.

Kama halipo, inayofuata ni kebo ya mwanga, ile ya Toslink yenye ncha inayong'aa nyekundu ukiitazama ikiwa imewashwa. Inapitisha sauti ya stirio au ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa) iliyobanwa, haipitishi zaidi ya hapo. Sifa yake kubwa ni kwamba haina shaba, kwa hiyo haileti mngurumo wa umeme na chumvi haina cha kula. Usiikunje kama karatasi; ikunje kwa duara lisilopungua mdomo wa kikombe cha kahawa. Na uondoe vile vikofia vya plastiki kwenye ncha. Nimeitwa zaidi ya mara moja kwenye nyumba isiyotoa sauti, nikakuta kikofia hakijaondolewa.

Zile za RCA, nyekundu na nyeupe kwa sauti na njano kwa picha, bado zinafaa kwa sabufa na vifaa vya zamani. Ile ya njano usiitumie kwenye runinga kubwa kama HDMI ipo, picha yake ni ya enzi za runinga za kioo kinene. Kwenye RCA tafuta waya mnene wenye wavu wa shaba unaozunguka unyuzi wa kati, kwa sababu wavu huo ndio unaozuia mngurumo. Waya mwembamba kama wa hedfoni hauna wavu wa maana.

Ukihitaji kebo ndefu ya sabufa, mabaki ya waya wa dishi, ule wa RG6, yakifungwa vichwa vizuri vya RCA yanatoa kebo bora yenye kinga nzuri. Ni mgumu kidogo kupinda, lakini nyuma ya kochi nani anauona?

Hatua ya 4: Waya wa spika

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea na hapa ndipo uangalifu unalipa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waya wa spika unabeba nguvu. Ukiwa mwembamba au wa madini hafifu, sehemu ya nguvu hiyo inaishia njiani, besi inalegea na amplifaya inashindwa kuishika spika. Kanuni ninayofuata ni kwamba upinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya upinzani wa spika. Upinzani hupimwa kwa ohm: spika ya ohm 8 inavumilia 0.4, ya ohm 6 inavumilia 0.3, ya ohm 4 inavumilia 0.2 tu. Namba ya spika yako imeandikwa nyuma yake.

Chukua mfano wa spika iliyo mita 8 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda mita 8 na kurudi mita 8, jumla 16. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, ule mwembamba unaokuja bure na sabufa nyingi, unakuwa na ohm kama 0.55. Umeshapitiliza. Wa 0.75 una karibu 0.37, unaponea chupuchupu kwa spika ya ohm 8 na unashindwa kwa nyingine. Wa 1.5 una 0.18, unatosha kwa zote. Wa 2.5 una 0.11. Kwa hiyo kwa sebule zetu nyingi nanunua 1.5, na 2.5 kwa spika za ohm 4 au umbali wa zaidi ya mita 10. Kwa spika ya mbele iliyo mita 2 tu, 0.75 haina kosa lolote.

Hesabu hiyo ni ya shaba. Aluminiamu iliyopakwa shaba ina upinzani wa takriban mara moja na nusu, na ikishachubuka ganda la shaba, unyevu wa chumvi huila haraka kwa sababu madini mawili tofauti yamegusana. Waya huo umejaa sokoni, na ganda lake angavu linaonyesha wekundu mzuri kuliko hata shaba yenyewe. Namna ya kuujua ni hizi.

Kuna wembe. Omba muuzaji akukatie kipande cha kidole kimoja, chuna, kisha kwangua unyuzi mmoja. Shaba ni nyekundu mpaka moyoni, aluminiamu inatoa weupe. Ukikuta waya mweupe nje usikimbie, huenda ni shaba iliyopakwa bati, ambayo kwa mwambao ni nzuri sana. Ukiukwangua, chini ya bati utaona wekundu.

Kuna kiberiti cha gesi. Shika unyuzi mmoja kwenye moto. Shaba inawaka nyekundu na kubaki imesimama, maana huyeyuka nyuzi 1,085. Aluminiamu huyeyuka nyuzi 660, hivyo unyuzi mwembamba hukunjamana na kukatika.

Kuna mkono. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo ule ule. Shika mabunda mawili ya unene mmoja, moja kila mkono, nawe utajua kabla ya kuambiwa.

Na kuna mita ya fundi, ukinunua bunda zima la mita 100. Unganisha ncha mbili za mwisho wa bunda, pima ncha mbili za mwanzo, kisha toa upinzani wa nyaya za mita yenyewe. Waya wa shaba wa 1.5 utasoma kati ya ohm 2.3 na 2.7. Ukisoma 3.5 au zaidi, ama si shaba tupu ama si 1.5. Mwenye duka la kweli hatakasirika ukipima mbele yake. Niliyewahi kumwona akikasirika, nilimrudishia bunda lake nikaenda duka la pili.

Wengi hawajui kuwa waya laini wa nyuzi nyingi wa 1.5 unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, wenye alama ya TBS, shirika la viwango, unafanya kazi ya spika sawasawa na ule ulioandikwa jina la kifahari. Maneno "shaba isiyo na oksijeni" hayaongezi kitu ambacho sikio litakisikia. Lakini usigeuze kinyume: waya wa spika usiufunge kamwe kwenye umeme wa volti 230 wa ukutani. Ganda lake halikutengenezwa kwa hilo, na ukiwa wa aluminiamu unapasha moto kwenye maungio. Nyumba zinaungua hivyo.

Ncha nazo zina adabu yake. Chuna sentimita moja tu, sokota nyuzi zikaze, usiache hata mmoja umetanuka kugusa ncha ya waya wa pili, amplifaya inaweza kuungua. Kama matundu yanakubali plagi za ndizi (banana plugs), zifunge. Zinafunika shaba isikutane na hewa. Kama ni matundu ya kubana kwa springi, visha ncha vikofia vidogo vya shaba iliyopakwa bati. Kuzamisha ncha kwenye risasi ya kulehemu kabla ya kukaza kwa skrubu sishauri, risasi hulegea taratibu na mkazo unapotea.

Mstari wa rangi kwenye waya uende kwenye chanya pande zote. Spika moja ikigeuzwa, sauti inatoka lakini besi inapotea katikati ya chumba, na mtu anaanza kulaumu sabufa. Kama waya umeshazikwa na hujui upi ni upi, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha ncha kwa nukta moja huku mwenzako akiitazama spika. Koni ikisukumwa mbele, upande unaogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Hatua ya 5: Waya wa dishi

Huu uko nje, unapata jua, mvua na chumvi kwa pamoja. Nunua RG6 wa ganda jeusi linalostahimili jua, wenye wavu na karatasi ya foili ndani. Moyo wa chuma uliopakwa shaba ni kawaida kwa waya huu, sumaku ikinasa usishtuke. King'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenye waya kwenda kichwa cha dishi, na maji ya chumvi yakikutana na umeme huo, kichwa cha waya huliwa upesi. Kikaze, vuta kifuniko cha mpira, zungushia tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu la ukuta ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya mpaka nyuma ya runinga.

Hatua ya 6: Kupitisha

Kama unajenga, weka bomba la PVC la milimita 32 kwa ajili ya HDMI. La 25 kichwa kinabana kwenye kona. Kona ziwe pana. Acha kamba ya kuvutia humo ndani, na ingawa sisi ni watu wa mkonge, tia ya nailoni. Katani huoza unyevu ukiingia. Siku HDMI mpya ikija utavuta bila kugusa plasta.

Waya wa sauti na waya wa umeme visitembee bega kwa bega. Viachane kama sentimita 30, na vikilazimika kukutana vipite msalaba. HDMI inayoning'inia nyuma ya runinga ya ukutani ifungwe kwa kifungio cha plastiki kwenye fremu, uzito usibebwe na tundu.

Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mngurumo ukinyamaza, umeupata mlango wake: vifaa vyako vinapata ardhi (ethi) kwa njia mbili. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na kwa sauti ya runinga tumia kebo ya mwanga. Kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili mngurumo uishe ni kucheza na roho za watoto.

Hatua ya 7: Baada ya kufunga

Mara mbili kwa mwaka, mimi hufanya masika yakiisha na tena kaskazi ikitulia, zima kila kitu ukutani kwanza. Chomoa kila kichwa, kitazame kwa tochi ya simu, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya duka la dawa, kiache kikauke kabisa, chomeka na kuchomoa mara mbili, kisha kikaze. Ncha tupu za spika zilizoanza kuwa nyeusi zikate na uchune upya. Hapo ile nusu mita inakusaidia tena. Angalia pia sisimizi, hupenda joto la nyuma ya risiva.

Radi zikianza kupiga upande wa Pongwe, chomoa umeme na waya wa dishi pia, maana radi huingia kwa njia hiyo vilevile.

Kwa shangazi tuliweka shaba iliyopakwa bati ya 1.5, plagi za ndizi, na HDMI ya mita moja na nusu.